UCHUNGUZI UANZIE KIJIJINI

Vijana wetu wa vyuoni, kila wafikapo mwaka wa mwisho, huhangaika kutafuta jambo la kuchunguza. Wengi siku hizi wanataka kuandika juu ya tangazo linalosambazwa na watu wenyewe, yaani mnunuzi ndiye anayegeuka mpiga mbiu wa mwenye mali. Sisi twaliunga mkono shauri hilo. Lakini jambo lenyewe ni pana kama Ziwa Tanganyika, na asiyechagua pa kutega nyavu atarudi mikono mitupu.

Vitabu vingi huanza na Hotmail ya Marekani, iliyofunguliwa Julai 1996. Chini ya kila barua palikuwa na mstari wa kumkaribisha mpokeaji afungue sanduku lake bure. Kabla ya miaka miwili kwisha, wenye masanduku walipita milioni 8. Mfano huo na usomwe. Lakini kuukariri peke yake ni kasumba, maana sisi tunayo yetu.

TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 haikuwa na redio. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed aliwaendea viongozi wa vikundi vya lelemama mjini Dar es Salaam. Kiongozi akikubali, kikundi kilimfuata. Neno lilifika kwa kuwa aliyelileta alikuwa akiaminiwa.

Njia hiyo hiyo hupitisha na sumu. Katika DECI watu walialikana, hata waumini kwa waumini, "kupanda mbegu" za fedha. Wa kwanza walilipwa kwa fedha za waliofuata, mpaka Serikali ilipouzima mchezo huo mwaka 2009. Mwaka 2011 habari za kikombe cha Sh. 500 kule Samunge, Loliondo, zilienea nchi nzima bila tangazo la kununuliwa. Wako wagonjwa walioacha dawa za hospitali, na wako waliokata roho wakiwa katika foleni.

Basi swali la kuchunguza ni hili: nani alimletea mtu habari, na kwa nini aliaminiwa? Kijana achague kijiji kimoja, kwa mfano Kapalamsenga, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Achague na ujumbe mmoja tu. Awaulize wakulima: uliupata kwa nani? Ulitoa fedha? Ulimpelekea nani? Apime yaliyokuja kwa simu na yaliyosemwa mnadani, kisimani na baada ya ibada. Asiwasahau waliosikia wakanyamaza, kwani aliyeukata mnyororo ana la kutufundisha kuliko aliyeuendeleza.

Hili si jambo la kupata cheti tu. Mkulima akiisha kuuza mazao yake, fedha i mkononi, ndipo maneno ya faida ya haraka humjia, tena kutoka kwa shemeji au jirani. Akiipoteza fedha hiyo, msimu ujao hana mbegu wala ada ya mtoto. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Walaghai wanaitegemea imani hiyo.

Yatupasa wanachama, kuanzia mashinani, kuwapokea vijana hawa na kuwasaidia. Nao, wakimaliza, majibu wayasome kwanza mbele ya mkutano wa kijiji, ndipo wayapeleke chuoni. Elimu iliyochumwa kwa wakulima haki yake ni kurudi kwa wakulima.

Uhuru na Kazi!