Kocha Msaidizi Naye Atambuliwe

Timu ya voliboli ya chuo ikirejea Kitale au Bungoma na kikombe, jina litajwalo ni la kocha mkuu. Msaidizi wake husahauliwa, ilhali kidole kimoja hakivunji chawa.

Aghalabu msaidizi huyo ni mchezaji wa zamani, mwalimu kijana, au mwanafunzi aliyeumia goti asikubali kuuacha uwanja. Huwapasha wachezaji misuli moto, humnoa seta na kuandika daftarini udhaifu wa wapinzani. Sheria za mchezo humruhusu kuketi kwenye benchi, lakini humnyima haki ya kuingilia mechi. Kocha mkuu akilazimika kuondoka, ndipo yeye hushika usukani. Je, ataushikaje ikiwa hakuandaliwa?

Tumkumbuke marehemu Janet Wanja. Alikuwa seta wa Kenya katika Olimpiki ya Athens mwaka wa 2004. Miaka 20 baadaye alikuwa mkufunzi wa viungo wa timu hiyo hiyo katika Olimpiki ya Paris, kabla ya kufariki Desemba 2024. Ujuzi wake haukupotea alipoacha kucheza, kwa kuwa alipewa nafasi.

Wakuu wa shule na vyuo, kutoka Saboti hadi Lugulu, hawana budi kuiga mfano huo. Wawapeleke wasaidizi kwenye kozi za ukocha, wawape posho, na timu za wasichana zipate wanawake waliowahi kucheza. Tusipowalea wasaidizi leo, kesho tutawatafuta makocha wakuu tusiwaone.