Katuni ya Krismasi: tuanze kwa kufikiria sehemu ya pili

Najua wengi wenu hupita hapa kutafuta habari za programu, seva na hifadhidata. Leo naomba tuziweke kando kidogo tuzungumze kuhusu katuni. Ndiyo, katuni, tena za Krismasi. Usicheke. Ndani yake kuna hesabu, kuna kompyuta, na kuna ajira za vijana wa hapa Machakos.

Tuanze na mfano. Tarehe 1 Desemba 2020 Netflix ilitoa katuni ya watoto iitwayo Angela's Christmas Wish, ya dakika 47. Hiyo ni sehemu ya pili. Ya kwanza, Angela's Christmas, ilitoka Netflix mwaka 2018 na ilikuwa ya dakika 30. Zote mbili ni kazi ya studio ya Brown Bag Films ya Dublin, Ayalandi, chini ya mwelekezi Damien O'Connor. Msingi wake ni kitabu cha Frank McCourt kuhusu mama yake alipokuwa mtoto mjini Limerick: alimwona Mtoto Yesu kanisani, akadhani anaona baridi, akambeba kumpeleka nyumbani. Katika sehemu ya pili baba yake Angela yuko Australia kutafuta kazi, na msichana anapanga namna ya kumrudisha kabla ya Krismasi. Hayo tu. Na kwa wapenzi wa habari ndogondogo: sauti ya mama ni ya Ruth Negga, mzaliwa wa Addis Ababa.

Sasa ondoa Limerick uweke Machakos. Ondoa Australia uweke Riyadh au Doha. Umebadilisha nini? Hujabadilisha kitu! Ni watoto wangapi hapa Ukambani ambao mama yao yuko Saudia akifanya kazi za nyumbani, na Krismasi yao ni dakika chache za WhatsApp kwenye simu ya nyanya, mtandao ukikubali? Mtoto huyo akifungua runinga mwezi wa Desemba anaona theluji na paa wa kuvuta gari. Watu husema ubaya wa katuni hizo ni theluji. Mimi sikubali. Mtoto ana uwezo wa kufurahia theluji asiyoijua, kama vile sisi sote tulivyofurahia hadithi za mazimwi bila kukutana na zimwi hata moja. Ninachokosa mimi ni katuni inayomwambia mtoto huyu kwamba shida yake ni kubwa kiasi cha kutengenezewa hadithi.

Sasa tuingie kwenye ufundi, maana hapa ndipo penye hoja yangu.

Watu wakisikia "sehemu ya pili" hudhani ni tamaa ya pesa. Mwandishi wa programu anaona jambo tofauti: anaona kutumia tena. Katika katuni ya 3D gharama kubwa hulipwa mwanzoni. Unamchonga mhusika ndani ya kompyuta, unamwekea mifupa ili aweze kutembea, unamvisha nguo, unajenga nyumba yake, kanisa, barabara, duka la pembeni, unaweka taa. Hayo yote ukiyahifadhi vizuri ni kama maktaba ya programu. Toleo la kwanza linaijenga, toleo la pili linaiita tu. Msichana yuleyule, mji uleule, unaongeza hadithi mpya na wahusika wawili watatu. Kwa hiyo anayepanga katuni moja peke yake ni kama anayejenga matanuri ili aoke mkate mmoja.

Wachongaji wa Wamunyu, hapahapa kaunti ya Machakos, waliujua ukweli huu zamani. Mutisya Munge alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo, akarudi nao nyumbani. Kama angechonga kinyago kimoja kizuri akakiweka ukutani, leo tusingekuwa na habari. Kijiji kizima kiliishi kwa sababu kulikuwa na twiga wa pili, wa tatu na wa elfu.

Haya, hesabu. Filamu huwa na fremu 24 kwa sekunde. Katuni ya dakika 22, urefu wa kipindi cha kawaida cha runinga, ina fremu 31,680. Tuseme kila fremu inachukua dakika 10 kompyuta kuichora hadi ikamilike. Hiyo ni saa 5,280, yaani siku 220 kwa kompyuta moja bila kulala. Inatisha? Gawanya kwa kompyuta 20 za maabara ya chuo wakati wa likizo. Siku 11. Kwa heri! Na umeme ukipotea (tunajuana) usilie. Iagize programu ihifadhi kila fremu kama faili yake ya picha, si video moja ndefu. Stima ikirudi unaendelea pale ulipofika, umepoteza fremu moja tu kwa kila mashine.

Na programu yenyewe ni bure. Blender imekuwa programu huria tangu 2002, unaipakua bila kulipa hata shilingi. Kama unadhani ni ya kuchezea, tazama Flow, katuni ya Latvia ya mwaka 2024 kuhusu paka kwenye mafuriko. Ilitengenezwa kwa Blender, na mwezi Machi 2025 ikashinda Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni. Latvia ina watu wasiofika milioni mbili! Wenzetu hao hawakusubiri kuwa Hollywood kwanza.

Kuna watakaoniambia, "Bwana, Wakenya hawana ujuzi huo." Si kweli. Tinga Tinga Tales, ile ya wanyama wenye rangi za Tingatinga, ilihuishwa Nairobi na Homeboyz, ikaanza kuonyeshwa CBeebies mwaka 2010. Vipindi 52! Mikono ilikuwa yetu. Lakini waagizaji walikuwa BBC na Disney, na iliyoiandaa ni kampuni ya Uingereza, Tiger Aspect. Sisemi walikosea, walileta kazi na mafunzo. Nasema hivi: mwenye kuagiza ndiye mwenye kuamua kama kutakuwa na msimu mwingine. Ukiwa fundi tu, mradi ukiisha unafunga kompyuta unarudi kutafuta tenda ya tangazo la sabuni. Ukiwa na mhusika wako, kila Desemba anakufanyia kazi.

Wengine watasema lugha. "Watoto wa siku hizi wanajua Kiingereza." Wanajua, sawa. Lakini Ubongo Kids ya Tanzania, iliyoanza 2014, imefundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili na watoto wanaifuatilia hadi huku Kenya. Tena sauti katika katuni ni faili tofauti na picha. Ukishamaliza picha, unarekodi Kiswahili, kisha Kikamba, kisha Kidholuo, bila kuchora fremu upya. Hakuna filamu ya waigizaji wa kawaida inayokubali jambo hilo kwa urahisi kama katuni.

Na tusiogope kuanza kidogo. Brown Bag ilianzishwa na vijana wawili mwaka 1994. Filamu iliyowatangaza duniani, Give Up Yer Aul Sins ya 2001, ilichukua sauti zilizorekodiwa miaka ya 1960 za watoto wa shule ya Dublin wakisimulia hadithi za Biblia kwa lafudhi yao, wao wakachora picha juu yake. Ikateuliwa kuwania Oscar. Gharama kubwa pale ilikuwa nini? Kumsikiliza mtoto. Hebu nenda shule ya msingi yoyote Mwala au Kangundo, mwombe mtoto wa darasa la tatu akusimulie kuzaliwa kwa Yesu kwa maneno yake. Mswada umeshaupata, na una vichekesho ambavyo mimi na wewe hatuwezi kuvibuni.

Lakini tusijidanganye kwamba bidii ya vijana inatosha. Ayalandi huwarudishia watayarishaji wa filamu, katuni zikiwemo, sehemu ya gharama zinazostahili kupitia kodi. Serikali iliamua. Hapa kwetu tuliwahi kusikia sana kuhusu Machawood, wakati wa gavana Alfred Mutua (2013 hadi 2022), wazo la kuufanya Machakos kitovu cha filamu. Wazo lilikuwa zuri. Ningependa warithi wake walichukue na kulipa kona ya katuni: chumba chenye kompyuta 20, umeme wa akiba, na sharti moja la ufadhili. Sharti lenyewe: usituletee mradi wa filamu moja. Tuletee mhusika mwenye hadithi tatu, na utuonyeshe ni vifaa gani vya hadithi ya kwanza vitatumika katika ya pili.

Mandhari tunayo. Desemba hapa mvua imenyesha, vilima ni kijani, maembe yanaanza kuiva, nauli ya matatu kutoka Nairobi imepanda na mabasi yamejaa magunia na kuku. Na kuna Kituluni, kile kilima karibu na mji ambapo ukimwaga maji barabarani unayaona yakipanda juu! Wataalamu husema ni macho tu yanadanganywa na umbo la ardhi. Sawa, lakini mtoto wa miaka saba anayetafuta njia ya kumrudisha mama nyumbani akisikia kuna mahali vitu hurudi nyuma vyenyewe, unadhani atakwenda wapi? Mimi tayari nataka kuona anavyofika. Na Krismasi inayofuata nataka kuona alivyorudi na nani.

Kwa hiyo wachoraji, waandishi na mafundi wa sauti mlioko Machakos, Kitui, Makueni na kwingineko: kabla ya kufungua Blender, andikeni kwanza ukurasa mmoja wa sehemu ya pili. Mkikosa cha kuandika, badilisheni mhusika. Mkikipata, anzeni kuchonga.

Maoni yenu nayasubiri hapo chini. Hasa wale mnaopinga hesabu zangu, leteni zenu!