Chuma Hufumbatwa, Hakishikwi Tu

Kuanzia Makongeni mjini Thika hadi Kihunguro huko Ruiru, kunyanyua vyuma kumekuwa mchezo wa vijana wengi. Wenye uwezo hulipia kumbi zenye vyuma vya kiwandani. Wasio nao humimina simiti katika mikebe ya rangi, wakaichomekea paipu, na benchi ya mbao ikakamilisha ukumbi. Ari hiyo ni ya kusifiwa. Hata hivyo, lipo jambo ambalo vijana hao, baadhi yao wakiwa wanafunzi wetu, hulipuuza: namna mkono unavyokishika chuma wanachokisukuma wakiwa wamelala chali.

Huenda msomaji akauliza, mwanaisimu ana lipi la kusema kuhusu vyuma? Analo, kwa sababu sehemu ya tatizo hili ni ya lugha. Mkufunzi humwambia mgeni, "Shika vizuri," akadhani amefundisha. Kitenzi shika ni kipana mno: mtu hushika njia, hushika adabu, hushika maneno ya mwalimu. Hakimwelezi kijana kidole gumba kikae wapi. Kiswahili nacho hakikupungukiwa. Kinacho kitenzi fumbata, yaani kukizingira kitu kwa kiganja na vidole vyote kisiponyoke.

Upo mtindo wa kukiweka kidole gumba upande mmoja na vidole vinne, chuma kikalala kiganjani tu. Huko si kufumbata, ni kuegemeza. Wanaoutetea husema kwamba hupunguza maumivu ya kifundo cha mkono. Hoja hiyo haikosi chembe ya ukweli, kwani chuma kikikaa chini kiganjani, karibu na kifundo, mkono haupindi nyuma. Lakini faida hiyo hupatikana hata kidole gumba kikiwa kimekizunguka chuma. Wasilolipima ni hili: chuma kikiteleza, hapana kizuizi baina yake na kifua au shingo. Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa hata vinne havitoshi. Hatari huzidi kwa vyuma vyetu vya kujitengenezea. Cha kiwandani huchongwa mikwaruzo ili kiganja kikamate, ilhali paipu ni laini, na ikipata jasho huteleza kama sabuni.

Mchezo wenyewe umekwisha kuliamua suala hili. Kanuni za shirikisho lake la kimataifa, IPF, zinalazimisha kidole gumba kukizunguka chuma, na zinaagiza umbali baina ya vidole vya shahada usizidi sentimita 81. Ikiwa mabingwa wa dunia hawaruhusiwi kuegemeza, mwanafunzi wa kidato cha pili ana udhuru gani?

Kipimo hicho cha 81 ni kikomo, si shabaha. Anayeanza na apanue mikono kupita mabega kidogo tu, hivi kwamba chuma kinapogusa kifua, mikono yake kutoka kisugudi hadi kifundo isimame wima. Akipanua mno, mabega huumia. Akibana mno, vifundo na visugudi hutaabika, na kazi huhamia kwenye misuli ya nyuma ya mkono badala ya kifua.

Nimetumia maneno kisugudi na kifundo kwa makusudi. Neno kiwiko wapo wanaolitumia kwa maana ya pale mkono unapokunjika katikati, na wapo wanaolitumia kwa pale kiganja kinapoungana na mkono. Mkufunzi akipaza sauti, "Kaza kiwiko!" wanafunzi wawili waweza kukaza viungo viwili tofauti, na uzito u juu yao. Darasani utata wa namna hiyo hugharimu alama moja au mbili. Benchini waweza kumgharimu mtu mbavu zake.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu, hasa wa michezo, wasiliache somo hili mikononi mwa wapita njia. Waingie katika kumbi hizo, wawafunze vijana kufumbata, wahakikishe hakuna anayelala chini ya chuma bila mwenzake kusimama kichwani pake, na wataje kila kiungo kwa jina lisilo na utata. Nanyi wanafunzi, atakayewaambia mshike vizuri, mwulizeni: vizuri vipi?