Mnaomcheka Fundi Redio

Jamani, kuna wasomi wenzangu wa kompyuta hapa Ukunda wanaomcheka fundi redio, eti kazi yake ni ya walioshindwa na shule. Ebo! Januari 1975 jarida la Marekani, Popular Electronics, liliweka jaladani Altair 8800, kompyuta ya kujiunganishia nyumbani. Bill Gates na Paul Allen walipoiona wakaiandikia BASIC, Microsoft ikazaliwa. Lehemu ilitangulia, programu zikafuata.

Mimi na digrii yangu, redio ilipokufa niliikodolea macho tu. Fundi akang'oa transista kwenye redio mbovu, akaitia kwangu, ikasema.

Wadau, majarida yale yalitoa mchoro na orodha ya vipuri. Tafuteni toleo moja, mpelekeeni fundi, mfundishwe. Anayebisha aniletee redio aliyoitengeneza mwenyewe.