Kilo za Pamba na Kitovu cha Shimo Jeusi

Hapa Bariadi pamba hutufundisha fizikia kila msimu. Pamba nyuzi ikiwa imetapakaa hujaza chumba; ikishindiliwa kuwa robota, hukaa konani. Kilo, yaani masi, hazijabadilika. Kilichopungua ni ujazo, kilichoongezeka ni densiti. Hata hivyo, tukizungumzia mashimo meusi ya angani, wengi wetu huchanganya mambo haya mawili.

Masi ndiyo tunayoweza kuipima. Setilaiti Uhuru, iliyorushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilisaidia kutambua shimo jeusi la Cygnus X-1. Mwendo wa nyota inayozunguka nalo umetuonyesha kuwa lina masi ya Majua 21 hivi.

Densiti inahitaji uangalifu zaidi. Shimo jeusi la galaksi M87, lililoonyeshwa kwa picha mwaka 2019, lina masi ya Majua bilioni 6.5 hivi. Ukigawa masi hiyo kwa ujazo wa tufe lililo ndani ya mpaka wake, wastani unaopata ni mdogo kuliko densiti ya hewa tunayovuta!

Kitovuni ndiko kwenye utata. Kwa hesabu za Einstein, masi yote huishia mahali pasipo na ujazo, panapoitwa singulariti. Kugawa kwa sifuri hakuna jibu. Ndiyo maana huandikwa kuwa densiti ya hapo "haina kikomo". Sisi tunasema maneno hayo yasifundishwe kana kwamba kuna mtu aliyepima. Ni kanuni inayokiri kuwa imefika mwisho wa uwezo wake.

Padre Georges Lemaître alituachia mfano. Wakati wake ilionekana kwamba hesabu huvunjika hata kwenye mpaka wa nje. Mwaka 1933 alionyesha kuwa kasoro hiyo ilitokana na namna ya kupima, si maumbile yenyewe. Kitovu kilibaki na utata wake, lakini kosa moja liliondoka kwa sababu padre alikaa akapiga hesabu.

Basi kijana wa Simiyu akituuliza kuna nini mle kitovuni, tusimjibu haraka kuwa ni siri ya Mungu. Mungu si kiraka cha kuzibia hesabu zilizotushinda. Tumwambie ukweli: bado haijulikani, chukua kalamu.