Hita Moja, Walinzi Wawili

KAMA unaishi Buruburu, Umoja, Donholm au mtaa wowote ule wa Eastlands, sina haja ya kukueleza Julai ni nini. Huu ndio mwezi ambao mtoto akitakiwa kuoga hujificha chini ya kitanda, na baba mwenye nyumba akitoka bafuni saa kumi na moja alfajiri meno yake hugongana kama ya mtu aliyetembelewa na homa. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wa alfajiri katika kipupwe huweza kushuka hadi digrii 10 hivi. Ndiyo maana katika mwezi huu mambo mawili hupanda katika nyumba nyingi: hamu ya maji moto na bili ya stima.

Leo nataka tuzungumze juu ya kifaa kidogo kilichoingia nyumbani kwa mama yangu mzazi, na jinsi kilivyokaribia kutuletea kilio. Nakusimulia kwa sababu vifaa vya aina hii vinauzwa kwa wingi jijini, na huenda wiki hii mwanao au shemeji yako akakuletea kimoja kama zawadi.

Mama anaishi Buruburu, katika mojawapo ya nyumba zile zilizojengwa miaka ya 1970. Ndani ya dari mna tangi la kupasha maji la lita 50, na katika korido mna swichi yake kubwa yenye taa nyekundu. Kwa miaka mingi sheria ya nyumba hiyo imekuwa moja: mama huamka wa kwanza, huwasha taa nyekundu, husali, hupika chai, kisha huizima. Ole wako ukiiwasha mchana na kuisahau!

Mdogo wangu wa kiume, ambaye ni mwanafunzi wa chuo kikuu, aliona hayo ni mambo ya kizamani. Alidunduliza pesa zake akanunua themostati isiyotumia waya katika duka moja jijini. Ni kitu cha kupendeza. Kina sehemu mbili: kijisanduku cheupe chenye kioo na betri ambacho hutundikwa ukutani, na kipokezi kinachofungwa karibu na hita. Cha ukutani hupima joto na kutuma amri kwa mawimbi ya redio, nacho kipokezi huwasha au kuzima stima.

"Mama, sasa utalala mpaka saa kumi na moja na maji utayakuta tayari," alimwambia.

"Mwanangu, mimi nikilala mpaka saa hiyo, jua kwamba ni mgonjwa," mama alimjibu. Lakini alikubali, kwa sababu mzazi huona vigumu kukataa zawadi ya kitinda mimba.

Akaitwa fundi wa jirani. Alipopanda darini, aliona kwamba tangi lilikuwa tayari na themostati yake ya zamani, ile inayoingizwa ndani ya tangi kando ya koili. Akacheka na kusema fahali wawili hawakai zizi moja. Akaing'oa ile ya zamani, akaunganisha waya moja kwa moja, akafunga kipokezi kipya na kutundika kijisanduku katika korido. Mdogo wangu akakiandikia digrii 30, na wote tukapiga makofi.

Jioni hiyo nilikuwa nimewapeleka wanangu kumsalimu nyanya yao. Kitinda mimba wangu ana miaka mitano. Nilikuwa nimeshamvua nguo na kumsimamisha ndani ya karai, mkono wangu ukielekea kwenye mfereji, mama aliposema kwa sauti ya juu: "Hebu ngoja! Sikilizeni."

Darini kulikuwa na mngurumo, kama sufuria kubwa ya githeri inayotokota. Mama hakuuliza maswali. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile swichi yake ya taa nyekundu, akaizima. Nilipofungua mfereji kwa uangalifu, mtoto akiwa mbali, yaliyotoka hayakuwa maji ya kuoga. Yalikuwa maji yanayochemka, yakirukaruka pamoja na mvuke. Msomaji, mpaka leo nikilikumbuka karai lile mikono yangu hutetemeka.

Kosa lilikuwa wapi?

Siku iliyofuata tulimtafuta fundi mwingine, mwenye leseni. Alipokikagua kile kifaa alitikisa kichwa, kisha akatueleza mambo ambayo ningependa kila mzazi ayajue.

Kwanza, kifaa kile hakikuwa kibovu. Kilitengenezewa nyumba za nchi za baridi. Kule Ulaya na Marekani, nyumba nzima hupashwa joto kwa mtambo mmoja, na themostati hutundikwa sebuleni ili ipime joto la hewa ya chumba. Jambo hili lina historia ndefu. Mnamo mwaka 1883 mwalimu mmoja wa Whitewater katika jimbo la Wisconsin, Marekani, aliyeitwa Warren Johnson, alipewa hataza ya themostati ya stima ya chumbani. Darasani kwake mtunza jengo alikuwa akiingia kila mara kuangalia kama kuna joto la kutosha, kisha kushuka kurekebisha tanuri. Tangu hapo, kijisanduku cha ukutani kimekuwa kikipima hewa.

Sasa fikiria korido ya Buruburu mwezi wa Julai. Hewa yake ina digrii 17 hivi. Kijisanduku kimeagizwa kisizime mpaka hewa ifike digrii 30. Itafika lini? Haitafika! Maji ya darini yanaweza kuchemka, lakini kijisanduku hakiyajui maji. Kinajua korido tu, na korido ina baridi. Kwa hivyo kiliendelea kutoa amri ya "washa, washa". Ile themostati ya zamani, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa ndani ya tangi na kuyajua maji, ilikuwa imelala juu ya rafu pamoja na misumari.

Pili, kuna suala la nguvu za kifaa. Mtambo wa kupasha nyumba wa Ulaya kwa kawaida huhitaji kupewa ishara ndogo tu ya stima ili uanze kazi. Kwa hivyo vipokezi vingi vya themostati hizi havijatengenezwa kubeba mzigo mkubwa. Koili ya hita yetu ni ya wati 3,000. Ukigawa kwa volti 240 za stima ya Kenya, unapata ampea 12.5. Kipokezi cha mdogo wangu kilikuwa kimeandikwa ampea 10. Fundi alipokifungua, plastiki ya ndani ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Naam, tulikuwa tumekwepa maji ya moto, na huku moto wenyewe ulikuwa unanyemelea juu ya dari ya mbao.

Njia iliyo salama

Je, tulikitupa kifaa? La. Fundi alisema methali ya fahali wawili haifai hapa, kwa maana hawa si fahali bali ni walinzi wawili wa lango moja. Alirudisha themostati ya zamani ndani ya tangi na kuipima kwanza kama bado inakata vizuri. Kisha akaweka kontakta, yaani swichi nzito inayoendeshwa kwa stima ndogo. Sasa kipokezi huamrisha kontakta tu, na kontakta ndiyo inayobeba ule mzigo wa ampea 12.5. Ili koili ipate stima, ni lazima walinzi wote wawili wakubaliane, na mmoja akikataa, hakuna kinachopita. Ile swichi ya taa nyekundu ilibaki mahali pake, juu ya wote.

Kazi ya kijisanduku sasa ni ya saa tu. Kimeandikiwa digrii 30 kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi saa kumi na moja na nusu, na digrii 5 saa nyinginezo zote. Kwa kuwa korido ya Nairobi haifiki 30 katika Julai wala haishuki hadi 5, kifaa huwasha na kuzima kwa saa kamili. Joto la maji ni kazi ya themostati ya zamani, iliyowekwa digrii 60. Usiishushe sana ukidhani unaokoa pesa, kwa sababu maji ya vuguvugu yanayokaa ndani ya tangi hukuza vijidudu. Bali kumbuka kwamba maji ya digrii 60 humchoma mtoto kwa sekunde chache. Fungulia maji baridi kwanza, kisha changanya, kisha uyapime kwa mkono wako kabla ya mtoto kuyakaribia.

Ukitaka kuweka kifaa kama hiki, usimruhusu fundi aanze kabla hajakujibu maswali haya:

Je, una leseni ya EPRA? Hii ndiyo mamlaka inayotoa leseni kwa mafundi wa stima nchini. Omba uione, bila haya. Kuuliza si ujinga.

Je, kifaa hiki kinapima hewa au maji? Kama ni cha maji, kihisio chake kinaingia wapi ndani ya tangi?

Je, kipokezi kinabeba ampea ngapi, na koili yangu inahitaji ngapi? Gawa wati kwa 240, utapata jibu mwenyewe. Mwanafunzi wa shule ya upili aweza kukupigia hesabu hii mezani.

Je, themostati ya zamani itabaki? Akisema ataing'oa, mpe nauli yake aende.

Je, betri za kijisanduku zikiisha, hita itazima au itabaki imewaka? Jibu unalolitaka ni kwamba itazima. Ijaribuni mbele yako kwa kutoa betri.

Na je, mawimbi yanafika? Kuta za mawe na milango ya chuma ya mitaa yetu hupunguza nguvu zake.

Pia nawaomba wapangaji wamwarifu mwenye nyumba kabla ya kugusa waya. Na wale wanaotumia shawa ya stima, ile ndogo ya kichwani mwa bomba ambayo imejaa katika fleti za Umoja, Tassia na Pipeline, kifaa hiki hakiwahusu. Shawa hiyo haina tangi la kuhifadhi maji, na hula wati nyingi kuliko hita yetu. Inayoihitaji ni waya mnene wake peke yake na waya wa ardhini uliofungwa vizuri. Kama ukiigusa maji yake yanakutekenya vidole, izime leo na umwite fundi. Huo si mchezo wa baridi.

Je, pesa zinaokolewa?

Tupige hesabu. Kupasha lita 50 kutoka digrii 18 hadi 60 huhitaji takriban uniti 2.4 za stima, na koili ya wati 3,000 huimaliza kazi hiyo kwa dakika 50 hivi. Kama familia yako huiacha hita imewaka mchana na usiku, tangi hupoteza joto lake na koili hurudia kazi tena na tena huku hakuna anayeoga. Mtu kama huyo ataona nafuu katika tokeni zake. Lakini kama wewe ni kama mama yangu, mwenye kuwasha na kuzima kwa nidhamu, kifaa hakitakuokolea kitu cha maana. Kitakuokolea usingizi wa saa moja, ikiwa unautaka.

Na wale wasio na hita yoyote, ambao usiku wa baridi huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha, nawasihi kama ndugu: msilale nalo. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, na humchukua mtu akiwa usingizini. Afadhali blanketi la kuazima kuliko jiko ndani ya chumba kilichofungwa.

Mtoto akiungua kwa maji moto, mtie chini ya maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mkimbize hospitali. Dawa ya meno, unga na mafuta yaacheni jikoni na bafuni.

Jumapili iliyopita nilirudi kwa mama. Kijisanduku cheupe kiko ukutani, kinafanya kazi yake kwa adabu. Nilimkuta mdogo wangu akimwonyesha mama jinsi ya kubadilisha saa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Kisha, kabla ya kwenda kulala, alipita kwenye korido na kuizima ile swichi ya taa nyekundu.

"Lakini mama, sasa kesho haitawaka yenyewe!" mdogo wangu alilalamika.

"Itawaka," mama akasema. "Nitaamka niiwashe."

Mdogo wangu alinitazama ili nimtetee. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwavisha watoto masweta. Tukutane Jumapili ijayo.