TAHARIRI: MTO WETU NAO UWE NA DAFTARI



Mkutano uliopita ulitumia muda mwingi kwa maneno ya mto. Wenzetu wa chini walisema maji yameota utando wa kijani na yananuka, na kwamba wenye makosa ni wenye bustani za vitunguu huko juu. Wenye bustani wakajibu, sio sisi, ni mazizi ya ng'ombe. Wenye ng'ombe nao wakasema ni mbolea ya dukani. Tukatawanyika kila mtu akimnyooshea mwenzake kidole. Hakuna aliyekuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha maji yalikuwaje kabla ya mvua, na baada ya mvua yalikuwaje.

Ushirika wetu hauendeshwi hivyo. Gunia la alizeti likiingia ghalani linapimwa na kuandikwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa jamani, mto sio mali?

Tuelezane tatizo lenyewe. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. DAP ina naitrojeni na fosforasi, na samadi ina vyote viwili. Hivyo ndivyo vinavyonenepesha vitunguu. Lakini mvua ikipiga shamba lililo wazi, fosforasi husombwa pamoja na udongo mpaka mtoni, na naitrojeni huyeyuka ikazama mpaka visimani. Ikifika majini inalisha mwani. Mwani ukifa unaoza, na kuoza kule kunamaliza hewa iliyomo majini, samaki wanakufa. Wenzetu wa Ziwa Victoria waliyaona magugumaji miaka ya 1990, yakistawi kwa rutuba ya namna hiyo hiyo mpaka mitumbwi ikashindwa kupita.

Sisi wa bonde hili tuna hatari moja zaidi: maji yetu hayaendi baharini. Yanateremka Ziwa Kitangiri, kutoka hapo Mto Sibiti unayapeleka Ziwa Eyasi, na safari inaishia hapo. Jua linachukua maji, tulichokitupa kinabaki.

Kina mama wenye watoto wachanga nao wasikie. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitrati katika lita moja ya maji ya kunywa. Zikizidi, damu ya mtoto mchanga inaweza kushindwa kubeba hewa, hasa mtoto anayetengenezewa maziwa ya chupa kwa maji hayo. Tuendelee kuchemsha maji, maana kunaua vijidudu, lakini kuchemsha hakuondoi naitrati. Wala huwezi kuijua kwa macho au kwa ulimi. Ni kupima tu.

Hivyo basi, maoni ya gazeti hili ni kwamba ushirika uanze kupima kabla mvua za mwaka huu hazijaanza. Tuchague sehemu nne: juu ya bustani, kati ya bustani na mazizi, chini ya mazizi, na kisima cha chini. Zipo karatasi za kupimia naitrati. Unachovya, unasubiri kidogo, unalinganisha rangi. Hazifikii kipimo cha maabara, lakini zitatuonyesha inapanda wapi. Tupime kila wiki mbili, na pia mara tu baada ya mvua kubwa, kwa sababu hapo ndipo uchafu mwingi unapita. Katika daftari iandikwe tarehe, mvua, rangi ya maji, harufu na utando. Vipimo vikipanda, daftari lipelekwe Bodi ya Maji Bonde la Kati, ofisi ipo Singida mjini, tuwaombe waje na vipimo vyao.

Najua wapo watakaosema daftari hili ni la kuwakamata watu. Sivyo. Mbolea iliyosombwa na mto ni fedha uliyokwisha kulipa. Na sisi viongozi tujisahihishe kwanza. Tumegawa mbolea misimu mingi bila kumwonyesha mkulima kwamba afadhali aigawe mara mbili au tatu kuliko kuimwaga yote siku moja. Isitoshe, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tembeeni mkaone wenyewe: yapo mazizi hatua kumi tu kutoka majini. Moja ni la mwandishi wa tahariri hii. Nitalihamisha kabla ya mvua, na ninaomba kamati ije ikague.

Katika mkutano mkuu ujao tutaomba mambo mawili yapigiwe kura: fedha za kununua karatasi za kupimia, na vijana wawili wa kushika daftari, mmoja wa juu na mmoja wa chini, wapime pamoja ili asiwepo wa kusema amepunjwa. Daftari lenyewe litundikwe hapa hapa ukutani, kila mtu alisome.

Mwakani tukikutana tena kuzungumza habari za mto, tuwe na kitu cha kusoma kabla ya kulaumiana.

Mhariri